Kidonda kinapona vizuri, mbona mama anaharisha hivi?

Safu ya Muulize Nesi. Meseji za safari hii nyingi zimegusa kitu kimoja, mgonjwa kafanyiwa operesheni, mshono uko sawa, halafu tumbo linaharibika akiwa bado kitandani au akisharudi nyumbani. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu, manake hili jambo wodini linachukuliwa kama kero ya kubadilisha mashuka tu wakati linaweza kuondoka na mtu.

SWALI: Shikamoo nesi. Mimi ni binti wa Majengo hapa Moshi. Mama yangu ana miaka 68, tulimkimbiza hospitali usiku tumbo limevimba kama ngoma anatapika, wakasema utumbo umejisokota, akaingizwa theta usiku uleule wakakata kipande. Siku za mwanzo aliendelea vizuri tu, akaanza uji, akaanza na mtori ambao nampikia mimi mwenyewe nampelekea mchana na jioni. Siku ya saba akaanza kuharisha maji matupu, mara nane kwa siku, tumbo linamkata, kahoma kanakuja kanaondoka, na choo kina harufu kali ambayo sijawahi kuisikia. Mhudumu mmoja akanambia ni mtori wangu, nimeweka mafuta mengi. Wifi anasema ni taifodi. Mwingine kanambia nikanunue nje dawa ya kufunga choo. Leo ni siku ya kumi na moja, bado anachomwa seftriaksoni asubuhi na jioni tangu siku ya operesheni na dripu ya Flagyl juu yake. Nimelia sana nesi, naona kama mimi ndo nimemdhuru mama.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, na mpe mama pole yangu. Nianze na mtori manake naona ndo umekunyima usingizi. Mtori ulioiva vizuri, umepelekwa ungali wa moto kwenye hotpoti safi, haumharishi mtu maji mara nane kwa siku siku tano mfululizo na homa juu. Chakula kilicholala ni kweli kinaweza kuleta shida, ila kwa haya uliyoniandikia cha kwanza kuulizwa sio sufuria lako, ni hizo sindano. Kwahiyo futa machozi tuongee.

Ndani ya utumbo mpana wa kila mtu kuna bakteria wasiohesabika, wengi wao wema kabisa, na moja ya kazi zao ni kujaza nafasi tu. Ni kama Hiace ya asubuhi ya kutoka Himo kuja Moshi mjini, imejaa mpaka mlangoni, mkorofi akija hana pa kukanyaga. Antibayotiki kali ikiingia inashusha abiria wote, wema kwa wabaya, na yule mkorofi ambae dawa hiyo haimuwezi anapanda anakaa siti anayoitaka. Mkorofi mwenyewe anaitwa klostridiamu difisile, mimi nitamuita difisile kwa kifupi. Akishapata nafasi anazaliana na kumwaga sumu mbili, wataalamu wanaziita sumu A na sumu B, zinachubua ukuta wa utumbo mpana, ndo hapo unaona maji, kukatwa na tumbo, homa, wakati mwingine kamasi na damu.

Habari hii sio ngeni duniani. Mwaka 1974 madaktari wa St. Louis kule Marekani walifuatilia wagonjwa 200 waliopewa klindamaisini, asilimia 21 wakaharisha, na asilimia 10 walipochunguzwa kwa ndani wakakutwa utumbo umeota utando. Muhusika alikua hajajulikana bado, mpaka ilipofika 1978 ndo difisile akabainika kuwa ndie anaefanya hayo. Leo tunajua klindamaisini haiko peke yake, hiyo seftriaksoni anayochomwa mama na ndugu zake wote wa ukoo wa sefalosporini wamo, siprofloksasini na wenzake wamo, hata ampisilini, kwa kweli karibu antibayotiki yoyote inaweza ikafungua mlango, tofauti ni upana wa huo mlango. Wamarekani wa CDC, kile kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wanasema mtu akiwa kwenye antibayotiki, na mwezi mzima baada ya kumaliza, uwezekano wa kumpata difisile unapanda mara 7 mpaka 10. Na usidhani dripu ya Flagyl inamkinga eti kwasababu Flagyl nayo hutumika kumtibu difisile, watu wanaugua wakiwa nayo mkononi.

Sasa mwangalie mama yako jambo mojamoja uone alivyobeba mizigo mingi kwa pamoja. Umri umepita 65, na huko ndiko ugonjwa unakopiga zaidi na kuua zaidi. Operesheni yake ilikua ya dharura, sio ya kupangwa, na dharura inamaanisha mwili uliingia theta ukiwa umeshachoka, maji yamepungua, sumu imepanda. Operesheni yenyewe ni ya utumbo, sio ya kidole. Nina uhakika aliwekewa mpira wa puani siku za mwanzo. Amekaa wodini siku kumi na moja, na kila siku inayoongezeka ni mikono mingine, bedpani nyingine, kitanda cha jirani kingine. Mwulize daktari pia albumini yake ikoje, yaani ile protini ya damu, manake wagonjwa ambao protini imeshuka, wenye figo mbovu, wenye saratani walio kwenye dawa, wanaotumia dawa za kushusha kinga, hao nao wamo kwenye foleni ya mbele. Na kama anapewa dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, omeprazoli au pantoprazoli, hilo nalo linaongezwa kwenye hesabu, nitalirudia chini huko.

Sisemi nimeshampima mama kwa simu. Baada ya operesheni ya utumbo kuharisha kuna sababu nyingi. Utumbo ukiamka baada ya kulala siku kadhaa unaweza kuendesha siku moja mbili kisha ukatulia wenyewe. Akipunguziwa kipande kirefu choo kinalainika. Akipewa dawa za kulainisha choo na mtu akasahau kuziondoa, ataendesha. Na kuna kitu ambacho sisi wa wodi ya upasuaji tunakiogopa sana, jipu lililojificha chini kwenye nyonga, mgonjwa anaenda chooni mara nyinginyingi anatoa kamasi kidogokidogo, watu wanaandika anaharisha kumbe usaha unasukuma utumbo wa nyuma. Ndo maana nataka daktari amshike tumbo leo, asubiri kesho kwa lipi? Mwambie kwa maneno haya: mama anaharisha mara nane kwa siku, leo siku ya tano, ana homa, na yuko kwenye antibayotiki siku kumi na moja, je inaweza kuwa ni ule ugonjwa wa utumbo unaoletwa na antibayotiki? Choo laini mara tatu au zaidi ndani ya saa 24 inatosha kuanza kumfikiria difisile. Kipimo ni cha choo, wanatafuta sumu au vinasaba vya bakteria, na choo kinachopimwa kiwe cha maji, sio kilichoganda. Kama hapo hawana hicho kipimo, daktari anaweza akaamua kwa dalili na historia, lakini aamue yeye, sio wifi. Taifodi ya kuanzia wodini siku ya saba baada ya operesheni sio ya kwanza kuifikiria hata kidogo.

Dawa ya kufunga choo usinunue. Nakuomba sana. Choo kikifungwa sumu inabaki mlemle ndani inaendelea kula utumbo, na utumbo unaweza kutanuka vibaya mpaka ukatoboka, hapo tena ni theta kwa mara ya pili kwa mtu ambae mshono wa kwanza haujakomaa.

Na hapa nisikilize vizuri maana hata wauguzi wengine hawalijui, mgonjwa wa upasuaji anaweza kuwa na difisile kali sana na asiharishe kabisa. Tumbo linavimba, choo kinakata, homa, mapigo ya moyo juu, chembe nyeupe za damu zinapanda. Watu wanafurahi wanasema afadhali kuharisha kumeisha. Sio afadhali. Siku mama atakayoacha kuharisha ghafla huku tumbo linazidi kujaa, piga kelele wodi nzima isikie. Na kama alitolewa utumbo nje akawekewa mfuko wa choo, basi mnaangalia kinachoingia kwenye mfuko, wingi wake na wepesi wake, mnaandika.

Matibabu ikithibitika, la kwanza ni kujiuliza kama ile antibayotiki ya mwanzo bado inahitajika, ikiwezekana isimame. Halafu kuna vankomaisini ya kunywa, miligramu 125 mara nne kwa siku kwa siku kumi, au fidaksomaisini pale inapopatikana, na Flagyl ya kunywa inabaki kwa wagonjwa ambao hali sio kali na hizo nyingine hazipo. Vankomaisini ya mshipani haifanyi kazi hapa, haifiki ndani ya utumbo, ndo maana usishangae ukimuona nesi anachukua kichupa cha sindano anakichanganya na maji anampa mgonjwa anywe, hajakosea. Daktari ataangalia chembe nyeupe na kreatinini, yaani kipimo cha figo kwenye damu, chembe nyeupe zikifika 15,000 au kreatinini ikapita 1.5 wanahesabu ugonjwa umekua mkali. Maji na chumvi virudishwe, iwe kwa dripu au ORS. Na mtori endelea kumpikia kama daktari karuhusu ale, protini anaihitaji, weka nyama iliyosagika vizuri.

SWALI: Mambo nesi. Niko Ngaramtoni Arusha, nina miaka 34, nina ngiri nimepangiwa operesheni mwezi ujao. Nina sipro nyumbani zilibaki za kipindi kile nilichoumwa UTI nafikiria nianze kuzinywa wiki moja kabla ili niingie theta nikiwa safi, halafu nikitoka nimwambie daktari anipe dozi ndefu ya nguvu, bosi wangu alipewa siku kumi na nne na kidonda chake kilipona fasta. Pia natumia omeprazoli kila siku karibu mwaka wa pili kwa ajili ya vidonda vya tumbo, nimesikia ina madhara, niache?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hizo sipro zirudishe duka la dawa au mpelekee mfamasia azitupe, usinywe hata kimoja. Huingii theta safi, unaingia theta ukiwa umeshawashusha wale bakteria wema wote na umewaacha wale sugu, halafu unaenda kulala kwenye jengo ambalo difisile yupo. Hakuna maandalizi mabaya zaidi ya hayo.

Antibayotiki ya kinga kwenye operesheni ina muda wake, na muda ni kila kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema itolewe kabla ya kukata, ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi, na operesheni ikishaisha isiendelezwe kwa lengo la kinga. Unaelewa maana yake? Kwa operesheni nyingi safi dozi ni moja, dawa iwe imeshajaa kwenye damu na nyama wakati wa kukata. Siku tano za vidonge baada ya hapo haziongezi kinga ya mshono, zinaongeza siku za utumbo kubaki uchi. Na kwa ngiri nyingine daktari anaweza hata akaona hiyo moja haihitajiki, inategemea kama anaweka wavu wa kuzibia ngiri na hali yako. Bosi wako kidonda kilipona kwasababu daktari alikata vizuri akashona vizuri na yeye hana sukari, sio sababu ya siku kumi na nne.

Usichanganye na mtu aliyeingia na utumbo umetoboka au kidole tumbo kimepasuka usaha umejaa tumboni, yule sio kinga tena, yule anatibiwa. Ila hata huko siku zimepunguzwa. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Marekani na Kanada kwa wagonjwa wa maambukizi ya ndani ya tumbo ambao chanzo kilishaondolewa, usaha umetolewa, tundu limezibwa, waliopewa antibayotiki kama siku 4 walifanya vizuri sawa na waliopewa mara mbili ya hapo. Mimi hii habari naipenda sana kuisimulia manake huku kwetu bado ndugu anagomba akiona sindano zimekatishwa, anaona mgonjwa wake katelekezwa, wakati daktari aliekatisha ndo kafanya kazi yake.

Kuna karatasi moja nataka uijue, ile ya dawa inayoning'inia miguuni pa kitanda. Nimezishika maisha yangu yote ya kazi. Safu ya jina la dawa imejazwa, ya kipimo imejazwa, tarehe ya kuanza ipo, halafu ile ya kusimamisha iko nyeupe. Nesi wa asubuhi anachoma kwasababu wa usiku alichoma, wa usiku anachoma kwasababu imeandikwa, mgonjwa anafika siku ya tisa na hakuna mtu aliyeamua afike huko. Ukiamka kwenye nusu kaputi ukapata nguvu ya kuongea, muulize daktari wa raundi kwa heshima tu, hii dawa ni ya nini na inaisha lini. Akishaitaja tarehe muombe aiandike. Hakuna daktari mwenye akili atakasirika.

Omeprazoli usiiache kwa kunisoma mimi. Asidi ya tumbo ni mlinzi mmojawapo, ikipunguzwa kuna vijidudu vinavuka, na tafiti nyingi zimeona watumiaji wa dawa hizi wanapata difisile zaidi, japo mzigo wake ni mdogo ukilinganisha na antibayotiki. Lakini mtu mwenye kidonda cha tumbo cha kweli akiiacha ghafla anaweza akavuja damu. Kinachonisumbua ni huo mwaka wa pili. Ulipimwa kwa kipimo cha mpira wa mdomoni au cha bakteria wa tumbo, au ulijinunulia tu kiungulia kilipozidi? Kabla ya tarehe ya operesheni nenda ukaulize swali hilohilo kliniki, bado naihitaji? Watu wengi wakiulizwa hivyo inaonekana hawaihitaji tena.

SWALI: Nesi habari za kazi. Mimi ni mtu wa Machame, umri 61, namuuguza kaka yangu amekatwa mguu kwa ajili ya sukari, yupo wodini wiki ya tatu. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni ameanza kuharisha sana na kila mtu anasema inaambukiza. Mlangoni kuna chupa ya sanitaiza tunaipaka kila tukiingia na kutoka. Je inatosha, au tuombe kaka ahamishwe?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, pole na kuuguza. Sanitaiza ni nzuri kwa mengi na wala msiache kuitumia, ila kwa huyu difisile haitoshi na lazima niseme wazi. Bakteria huyu akiwa nje ya mwili anajifungia kwenye spora, ganda gumu, na spirti haiui spora. Mtu anapaka, mikono inakauka inanukia vizuri, na spora ziko palepale kwenye kiganja cha mkono na chini ya kucha. Kinachoziondoa ni sabuni na maji yanayotiririka, haviziui lakini vinazisugua na kuzisukuma mpaka zinaondoka. Na zikibaki kwenye reli ya kitanda, swichi, kitasa, meza ya kulia, zinakaa miezi.

Nikueleze kitu ninachokiona mara nyingi sana, tena kwa watu wazuri wanaompenda mgonjwa wao. Ndugu anamsaidia mgonjwa kutumia bedpani, anaenda kumwaga, anairudisha chini ya kitanda, anapita mlangoni anaminya sanitaiza mara mbili anasugua haraka viganja tu, anarudi anakaa pembeni ya kitanda, anachukua ndizi mbivu anaimenya, anaikata kipande kwa vidole anamlisha mgonjwa mdomoni. Spora zimetoka chooni zimefika mdomoni na hakuna aliyefanya kitu kinachoonekana kichafu. Tena mara nyingi hiyohiyo bedpani ataiomba wa kitanda cha tatu.

Kwahiyo kwa kaka, kabla ya kuomba ahamishwe, mambo haya yaanze leo. Awe na beseni lake, kikombe chake, bedpani au chupa yake, viandikwe jina. Ukimaliza kumhudumia chooni nawa kwa sabuni na maji, sugua nyuma ya viganja, katikati ya vidole, kwenye kucha, na kaka mwenyewe anaweshwe kabla ya kula, watu tunanawa sisi tunamsahau mgonjwa wakati mikono yake ndo imeshika reli usiku kucha. Usikae kwenye kitanda cha jirani wala usimsaidie yule jirani kisha ukamgeukia kaka bila kunawa, najua utu unakutuma, msaidie ila nawa. Wanaomhudumia anaeharisha wavae glavu na aproni, na glavu zikivuliwa mikono inanawa bado.

Anaepaswa kuhamishwa ni yule anaeharisha, apate chumba chake na choo chake mpaka angalau siku mbili zipite tangu kuharisha kukome. Vyumba vya peke yake kwenye wodi zetu ni vichache, nalijua hilo, lakini hata kumuweka pembeni ya mwisho na choo kimoja kimetengwa kwa ajili yake ni bora kuliko katikati ya waliokatwa miguu. Muone nesi mkuu wa wodi umwambie, sio kwa kulalamika juu ya yule mgonjwa ambae nae anateseka na kuona aibu, bali kuuliza sakafu, reli na vyoo vinapigwa klorini au vinapigwa sabuni tu. Sabuni ya kawaida haiui spora, klorini inaua.

Kaka mwenyewe muangalieni kwa karibu. Wiki tatu wodini, sukari, operesheni ya kukata kiungo, na bila shaka amepita kwenye antibayotiki zaidi ya moja kwa ajili ya ule mguu kabla haujakatwa. Huyo kundi lake ni lilelile la mama wa Majengo hata kama utumbo wake haukuguswa na kisu. Watu wanadhani operesheni ya tumbo peke yake ndo inaleta haya, hapana. Akienda choo laini mara tatu kwa siku moja, semeni siku hiyohiyo. Marekani pekee kwa mwaka 2011 walikadiria wagonjwa wa difisile karibu 453,000, na kama 29,000 walifariki ndani ya siku 30, na ile ni nchi yenye vyumba vya peke yake na maabara kila kona.

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Unga Ltd Arusha. Mke wangu alijifungua kwa operesheni, mtoto ana wiki tano, mshono ulikua umepata usaha kidogo akapewa antibayotiki aina mbili za kunywa akamaliza kama wiki mbili zilizopita. Sasa hivi anaharisha siku ya nne, maji tu, tumbo linamkata. Mama mkwe anampa tangawizi na majani ya mpera. Kaacha kunyonyesha anaogopa kumuambukiza mtoto. Choo tunatumia nyumba nzima wapangaji sita, tufanyaje?

JIBU: Marahaba baba. Amrudishe mtoto kwenye ziwa leo. Difisile hapiti kwenye maziwa, na cha ajabu watoto wachanga wengi wanambeba huyu bakteria tumboni bila kuumwa chochote, ndio maana huwa hatukimbilii hata kuwapima. Kinachotakiwa ni mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto na akitoka chooni, na anywe maji na ORS nyingi, manake anaharisha na ananyonyesha, maji yanatoka pande mbili. Mama mkwe aachiwe tangawizi yake ila isiwe ndo tiba.

Mpeleke hospitali, msisubiri siku ya tano. Kumaliza dozi wiki mbili zilizopita hakumtoi kwenye orodha, utumbo unachukua wiki nyingi kujaza tena nafasi zilizoachwa, na ugonjwa huu unaweza kujitokeza mpaka miezi miwili mitatu baada ya dawa. Kuwa kijana nako kunasaidia ila hakuzuii. Beba kadi ya kliniki na maganda ya dawa zote alizokunywa, daktari ayaone kwa macho, usimwambie tu zilikua rangi mbili. Huko duka la dawa msipite kununua antibayotiki nyingine ya kuharisha, hiyo ndo inaongeza moto. Na akitibiwa akapona muwe macho wiki mbili mpaka nane za mbele, karibu mgonjwa mmoja kati ya sita unamrudia, ukirudi arudi hospitali hiyohiyo aseme ni mara ya pili, matibabu ya mara ya pili yanaweza kupangwa tofauti.

Choo cha wapangaji sita. Zungumza nao, wala sio aibu, sema mke anaumwa tumbo tunasafisha kila siku mpaka apone. Kama inawezekana atumie ndoo yake yenye mfuniko kwa siku hizi, imwagwe chooni. Chukua Jik ya kawaida, soma lebo, ile ya asilimia 3.5 unapima kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, changanya siku hiyohiyo isilale. Kwanza ondoa uchafu kwa maji na sabuni na brashi, klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, ndo umwagie hiyo Jik sakafuni, kwenye tundu, kwenye kitasa cha mlango na bomba, iache dakika kumi ikiwa imelowana kisha suuza. Usichanganye na dawa nyingine ya choo wala siki, ile hewa inachoma mapafu, na mtoto akae mbali. Nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Na hapo nje ya choo muweke ndoo ya bomba na sabuni, kwa wapangaji wote sita, hata kama mtachangishana.